Moto Mdogo Ndani ya Kokwa

Februari 3, Jumamosi

Mchikichi wa baba umetoa mkungu mmoja tu mwaka huu, na leo Lameki amepanda kuukata. Mdogo wangu ana miaka sitini na moja, lakini ukimpa kamba na panga anapanda kama mtu anayelipwa kwa urefu. Mkungu ulianguka majini, tukaufuata tukiwa tumekunja nguo hadi magotini.

Ndiyo, majini. Mwaka jana ziwa lilifika shinani pa mti, likarudi. Mwaka huu limefika na limekaa. Majani ya chini yamegeuka njano. Majirani wanasema mchikichi unapenda maji, uacheni unywe. Unapenda, lakini mizizi nayo inapumua, na udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa. Mti unazama huku umesimama. Nilifundisha biolojia kwa miaka thelathini katika makazi ya wakimbizi kule Mpanda, Tanzania, na kwa hili sihitaji kitabu.

Baba aliupanda kabla hatujakimbia Burundi mwaka 1972. Tuliporudi, mimi nikiwa tayari mjane mwenye mvi, nyumba haikuwepo, kisima kilikuwa kimefukiwa, ila mti niliujua kwa mbali. Ulikuwa ndani ya shamba la Kadidja. Marehemu mumewe, Uledi, alikuwa amenunua shamba letu lote, kwa nia njema, kutoka kwa mtu ambaye halikuwa lake kuliuza. Tulipatanishwa: nusu kwake, nusu kwangu, ua wa minyaa katikati. Mti ukabaki upande wake.

Kwa hiyo mkungu huu kwa haki ni wa Kadidja. Amesema tugawane kokwa nusu kwa nusu. Nimesema asante. Lameki amesema tungoje tuone.

Februari 5

Venanti, mkubwa wa kolina yetu, yaani kilima chetu na watu wake, amepita kuangalia maji yamekula mpaka wapi. Alisimama juu ya mteremko wangu, pale nilipong'oa mihogo iliyooza, akatikisa kichwa.

"Mama Yudita, hapa pako wazi."

"Nitapanda."

"Nini?"

"Michikichi."

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Mchikichi unazaa kisha miaka mine. Wewe uko na miaka ngapi?"

"Sitini na nane. Mti hauniulizi."

Akacheka, kisha akasema alichokuja kusema. Watu wa chini wamefukuzwa na ziwa na wanatafuta mahali juu. Mvua zikiisha, mwezi wa sita, kutakuwa na kikao juu ya ardhi iliyo wazi. Hapa kwetu mti wa kudumu ndio unaomsemea mtu. Mihogo huondoka, maharage huondoka, lakini penye mchikichi hakuna anayeuliza shamba ni la nani.

Nina mpaka Juni, basi. Miche ya kununua imekwisha, kila aliyefurikiwa ameiwahi. Na hata ingekuwepo, nataka watoto wa mti ule kabla haujaanguka.

Februari 9

Kokwa zimelowekwa. Nabadilisha maji kila asubuhi. Mvua.

Februari 10

Nimebadilisha maji. Mvua.

Februari 15

Kokwa ya mchikichi haiamki kwa maji peke yake kama haragwe. Ganda lake ni gumu na usingizi wake ni mzito. Inataka joto la mtu mwenye homa, na inalitaka kwa wiki nyingi.

Joto hilo Kadidja analo. Nyuma ya mtambo wake wa kukamua mawese kuna lundo la makapi, nyuzi zilizobaki na mafuta kidogo, refu kama kibanda cha kuku. Ukiingiza mkono ndani unautoa haraka. Wanawake wanaofanya kazi pale wanasema makapi yana hasira. Ni vijidudu, kila kimoja seli moja tu, vinakula mafuta yale na kupumua, na kila kinachopumua hutoa joto. Hata mimi ninapoandika hivi, vidole vyangu ni vya moto kwa sababu hiyo hiyo.

Tumezika magunia mawili ndani ya lundo. Langu lina kamba nyekundu, lake kamba ya kijani. Kadidja alisimama akiyatazama, mikono kiunoni.

"Mwalimu, sasa tunangoja mutoto mpaka lini?"

"Miezi miwili. Labda zaidi."

"Eh! Mimba ya mbuzi ni mitano, na haina mwalimu."

Ni mcheshi. Sijui bado kama ni mwema. Miaka kumi na mitano tumesalimiana juu ya ua, na ninamfahamu zaidi kisogo kuliko uso.

Februari 23

Lundo bado la moto. Kadidja hulimwagia maji kidogo na kuligeuza, kama nilivyomwomba. Ili kulifikia lazima nizunguke barabarani, maana ua hauna mlango. Magoti yangu yanalalamika, nami siyajibu.

Machi 2

Lameki amerudi kutoka sokoni na habari. Mansuri, mtoto wa Kadidja anayefanya biashara Bujumbura, alionekana juu ya mteremko wangu akipima kwa hatua. Inasemekana anataka kujenga vyumba vya wageni, wakae wakitazama ziwa.

"Dada, fikiri. Usipopanda hadi Juni, nani ataomba pale? Na mbegu zako ziko mikononi mwa nani?"

Maneno ya Lameki huwa nayagawanya kwa mbili. Lakini haya nimeyaandika.

Machi 11

Ujumbe kutoka Kabonga: binamu yangu Jovita ni mgonjwa. Kesho nashika njia ya kusini. Nimemwomba Kadidja aliangalie gunia langu. Yeye na watu wake wanaanza kufunga Ramadhani.

"Nenda, dada. Nitaitunza kama mafuta yangu."

Machi 14, Kabonga

Jovita ana ugonjwa wa sukari. Amekonda, anakunywa maji kama anayezima moto, na anajilaumu kwa chai tamu aliyokunywa ujana wake. Nimekaa kitandani pake nikamweleza, kwa sababu mtu huogopa zaidi kile asichokiona.

Nilimwambia: damu yako imejaa chakula, na seli zako zinakufa njaa. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Utando huo si ukuta, una milango, na kila mlango huchagua nani aingie na nani atoke. Sukari inapiga hodi, lakini anayefungua ameacha kuja kazini. Sindano wanayokupa ni ya huyo mfunguaji.

"Kwa hiyo mimi ni tajiri anayelala njaa," akasema.

"Ndiyo."

"Kama shangazi yetu Beatrisi."

Tulicheka mpaka muuguzi akachungulia.

Machi 19, Kabonga

Mvua. Jovita amekula samaki na ugali. Sindano inafanya kazi.

Machi 24, Jumapili

Nimerudi leo asubuhi, na kabla ya kwenda nyumbani nilizunguka kwa Kadidja. Lundo la makapi lilikuwa limeporomoka, limelowa, baridi. Magunia hayakuwepo.

Kadidja alitoka akifuta mikono kwa kitenge. "Mwalimu, karibu! Usiogope, mbegu yako iko salama. Mvua ilipiga siku tatu, lundo likawa supu. Nikasema, ah-ah, mali ya Mwalimu haiozi mbele ya macho yangu. Nikaitoa, nikaitia mu bidoni, nikafunga nguvu. Hata sisimizi hapiti."

Aliipapasa bidoni ya njano, zile za lita ishirini za mawese, kama anavyopapaswa mtoto aliyeshiba. Ubavu wake ulikuwa umevimba.

"Umefunga lini?"

"Ile Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani."

Siku tisa. Nilikizungusha kifuniko. Kilitoa pumzi fupi, kama mtu aliyezuia kikohozi msikitini, halafu harufu ikatoka. Kila mtu wa pwani hii anaijua: harufu ya pombe ya ndizi siku ya tatu.

"Kuna nini?" Kadidja aliuliza.

"Zimekosa hewa."

"Mbegu?" Alianza kucheka. "Mbegu inapumua na nini?" Kisha akaona uso wangu na kicheko kikamkauka.

Nilimwita Lameki aje na baiskeli, tukaifunga bidoni nyuma, tukaondoka. Tulipofika Lameki alisema neno moja tu:

"Amezinyonga."

Machi 25

Nilizimwaga juu ya mkeka. Nyingi zimegeuka rangi ya kahawa iliyochemshwa mara mbili. Nimezitandaza kivulini zipate hewa. Sikuwa na nguvu ya kufanya zaidi.

Machi 26

Mvua tangu alfajiri. Sijatoka.

Nimejaribu kufikiri kama ninavyowafundisha wengine kufikiri. Kokwa zile zilikuwa zimeshanyonya maji. Ndani ya kila moja kuna akiba ya mafuta, mafuta yale yale tunayokaangia, na ndani ya akiba hiyo kuna kiini kidogo cha mche. Kiini kinachoma mafuta hayo polepole ili kipate nguvu ya kukua, na kuchoma kunataka oksijeni. Ukiifunga bidoni, hewa iliyomo inatumika, inakwisha, inabaki hewa ya ukaa. Seli haikubali kufa mara moja. Inageukia njia ya zamani, ya kuchoma bila hewa, ambayo inatoa nguvu kidogo mno na kuacha pombe nyuma yake. Inaishi kwa njia hiyo siku kadhaa, kisha pombe yake mwenyewe inaiua.

Hilo la seli nalielewa. La Kadidja silielewi. Amekamua mawese maisha yake yote. Mwanawe anautaka mteremko. Mimi nilikuwa mbali. Alifunga nguvu, kwa maneno yake mwenyewe, na alikuwa akitabasamu. Lameki ananizungukia tangu jana kama nzi juu ya papai: twende kwa Venanti, tuseme kabla ya kikao. Na mimi, niliyewahi kuwafukuza darasani wanafunzi waliotoa jibu kabla ya kufanya jaribio, karibu nimwambie twende.

Kupitia minyaa nimemwona Kadidja amesimama mvuani kwenye lundo lake, akilichokoa kwa jembe, akilitafuta joto. Sikumwita.

Machi 27, Jumatano

Amekuja saa sita mchana, jua kali baada ya mvua, amefunga, na amezunguka njia yote ya barabarani akiwa na bidoni ya pili kichwani. Lameki alikuwa mlangoni.

"Bi Kadidja, umetuletea pombe nyingine?"

"Shemeji, ulimi wako ukikamuliwa unatoa lita ngapi?" Lakini sauti yake haikuwa na mzaha. Aliitua bidoni mbele yangu. "Mwalimu, fungua hii. Mimi nimefunga, siwezi kunusa hiki kitu, na naogopa."

Shingoni mwa bidoni kulikuwa na kamba ya kijani. Ilikuwa nusu yake. Aliifunga siku ile ile, na kwa kuwa ni mali yake aliizidishia: juu ya kifuniko alizungusha mpira wa tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, kama wanavyofunga mafuta yanayovuka ziwa kwenda Kongo. Ilimchukua Lameki muda mrefu kuukata mpira ule kwa kisu. Harufu iliyotoka ilikuwa mbaya kuliko ya kwangu.

Hakuna mtu anayeinyonga mimba yake ili amharibie jirani. Nilimtazama Lameki. Alikuwa anatazama kisu.

"Mama Mansuri, kwa nini ulifunga hivi?"

Alinishangaa. "Mafuta ukiacha wazi inaharibika. Hewa ndiyo adui. Mama yangu alinipiga kofi siku niliacha kifuniko. Nilifikiri mise, hizi kokwa zetu, ina mafuta ndani, basi ni vile vile, funga, kaza, weka kivulini." Akaigusa kamba ya kijani, akasema polepole, "Nimeua mti wa baba yako."

"Bado hatujui."

"Na jambo lingine." Alishusha sauti ili Lameki asisikie, na Lameki akasogea. "Nilikwenda kwa imamu. Nikamwambia, shehe, nimepika pombe mu nyumba yangu, mu Ramadhani. Akauliza, ulinuia? Nikasema nilinuia michikichi. Akasema basi osha bidoni."

Lameki ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nilivuta jiko la makaa lililokuwa na chai, nikamwonyesha. "Ukifunika jiko hili na sufuria kubwa, nini kinatokea?"

"Moto unakufa."

"Kila kokwa ina jiko dogo ndani. Mafuta ndiyo makaa. Mafuta yenyewe hayana uhai, kwa hiyo hewa huyaharibu. Lakini aliye hai anayeyachoma, yeye bila hewa hawezi."

Aliinama akalichungulia jiko. "Sasa moto ukifunikwa, mara nyingine chini kunabaki kaa moja nyekundu."

"Ndilo tunalolitafuta," nikasema.

Tulipasua tatu kwa jiwe. Ya kwanza ilikuwa tope. Ya pili kijivu. Ndani ya ya tatu kiini kilikuwa cheupe, kigumu, kidogo kama punje ya mchele, safi kama jino la mtoto linaloanza kuchomoza. Kadidja alisema Alhamdulillahi, Lameki akasema kwa Kirundi Imana ishimwe, Mungu asifiwe, mimi nikasema jina la sehemu ile kama ninavyolijua mimi, kiinitete, na wote watatu tulikuwa tunasema jambo moja.

Machi 28

Kazi siku nzima, uani kwangu. Tumeziosha kokwa zote katika beseni moja, zilizooza tumetupa, nzuri tumezilaza katika gunia jipya. Jioni tu ndipo nilipokumbuka kamba nyekundu na ya kijani. Hakuna tena wa kujua ipi ya nani.

Kadidja amejenga lundo jipya chini ya bati, makapi ya wiki hii, yana moto kamili. Lameki amebeba ndoo kumi na mbili za maji bila kuombwa.

Machi 29

Nimefikiri kwa nini baadhi zimepona. Si zile zenye nguvu zaidi. Zilizokuwa zimeanza kuamka, zilizokuwa na haraka, zilimaliza hewa yao na kufa. Zilizopona ni zile zilizokuwa bado usingizini, zinachoma kidogo kiasi cha kutozima. Ukizitazama huwezi kuzitofautisha na zilizokufa.

Huko Mpanda walituambia mara nyingi kwamba tumesahau kwetu. Tulikuwa tunalima tumbaku, tunazika wazee, tunafundisha watoto. Tulikuwa tunachoma kidogo.

Aprili 3

Hakuna.

Aprili 8

Hakuna. Mvua. Ziwa limeingia jikoni kwa watu wawili wa chini.

Aprili 10

Idi. Pilau imekuja kutoka kwa Kadidja kwa njia mpya: sahani imeinuliwa juu ya minyaa na Lameki ameipokea upande huu, akachubuliwa mkono na utomvu. "Huu ua," alisema, akijifuta, "nani aliupanda?" Ni yeye aliyeupanda.

Aprili 16

Mti wa baba umeanguka.

Upepo wa usiku haukuwa mkubwa. Asubuhi tulikuta umelala ziwani, kichwa kikielekea Kongo, mizizi imetoka juu, myeusi, laini kama uji. Nilishika kipande kikakatika mkononi. Haikuwa mizizi tena tangu zamani. Mti ulikuwa umesimama kwa akiba ya shina lake, na katika hali hiyo ndimo ulimotoa mkungu ule mmoja.

Kadidja amekuja kukaa nami. Hakusema pole, alijua ingenikasirisha. Alisema, "Uledi alipenda kivuli chake. Kila akikaa pale alikuwa anasema, aliyepanda huu alikuwa mutu mwenye subira." Sikuwahi kujua kwamba Uledi alimfikiria baba yangu. Miaka yote nilidhani walilala pale bila kuuliza.

Sasa uzao wote wa mti ule uko katika gunia moja, chini ya bati la jirani yangu.

Aprili 22

Hakuna. Lameki ameacha kuuliza. Kadidja hufungua gunia kila asubuhi, hulipepea kwa ungo, hulifunga tena kwa fundo legevu. Anaziambia, "Vuteni hewa, wanangu, vuteni."

Aprili 30, Jumanne

Sauti ya Kadidja imepita kwenye minyaa kabla sijanawa uso. "Mwalimu! Mwalimu! Imetoa jino!"

Nimezunguka barabarani kwa kukimbia. Kwa umri wangu hilo ni tukio la kuandikwa. Kokwa moja, kwenye moja ya matundu yake matatu, imetoa ncha nyeupe isiyofika unene wa msumari. Nikaishika. Kila siku nimewaeleza watu jambo hili kwa maneno: seli moja inagawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, na mafuta yanageuka kuwa mwili. Sasa lilikuwa kiganjani, na nguvu iliyolisukuma nje ni jua lililompiga baba yangu mgongoni siku alipochimba shimo la mti ule, au tuseme jua la jana na la juzi lililoshikwa na majani yake. Niwe sahihi. Ni la mwaka jana.

Lameki alikuja nyuma yangu. Aliitazama ncha ile, akavua kofia.

"Bi Kadidja," akasema, "mimi nilisema mambo."

"Nilisikia, shemeji. Ua si ukuta."

Mei 4

Tano.

Mei 9

Kumi na moja. Nyingine hazitaota, nazijua kwa uzito.

Mei 15

Ishirini na tatu, na nadhani ndizo zote. Tulianza na mamia.

Tumetengeneza vyungu kwa magome ya migomba, tukajaza udongo na makapi yaliyooza. Swali lilikuwa tuviweke wapi. Kivuli kizuri kiko upande wangu, maji ya kisima kipya yako upande wake. Kokwa hazitoshi mashamba mawili. Zinatosha safu moja ndefu, ikianzia juu ya mteremko wangu na kuishia nyuma ya mtambo wake.

"Basi safu ipite hapa," Kadidja akasema, akionyesha minyaa.

Lameki alileta panga. Alikata upana wa mlango, kwa uangalifu, akiukwepa utomvu, na minyaa iliyobaki pande zote mbili akaiacha ilivyo. Sikumwambia aikate yote. Seli isiyo na utando haipo, inamwagika tu. Ninampenda jirani yangu zaidi akiwa na kwake.

Vyungu tumevipanga pale pale penye pengo.

Mei 23

Majani ya kwanza, membamba kama wembe. Kuanzia sasa mche haukopi tena kwenye kokwa peke yake, unaanza kujipikia kwa jua. Mvua zimepungua.

Juni 2

Mansuri alikuja kumtembelea mama yake. Nimemsikia Kadidja kupitia mlango mpya, na sikujificha kusikiliza.

"Maman, mahali pale pana thamani."

"Pako na wenyewe. Ukitaka vyumba vya wageni, jenga mu ziwa, huko kuko nafasi, na samaki watalipa."

Baadaye kijana alipita pale penye pengo, akanisalimu, amahoro, akaitazama miche, akaniuliza ni kweli kwamba mbegu inapumua. Nikamweleza. Ana akili, na anasikiliza vizuri kuliko baadhi ya walionilipia ada.

Juni 6

Kikao. Venanti amekuja na wazee wawili. Mashimo yamechimbwa kwenye safu yote, na vigingi vimesimama. Ameihesabu miche, akasimama penye pengo, mguu mmoja kwangu, mmoja kwa Kadidja.

"Hii ni ya nani?"

"Mama yao alikuwa wa baba ya Mwalimu," Kadidja akasema, "akaishi kwangu, akafa mu ziwa. Andika unavyotaka."

"Nitaandika imepandwa," Venanti akasema. "Ndiyo kazi yangu. Mama Yudita, utakuwa na miaka ngapi ikizaa?"

"Sabini na mbili, au tatu. Nitakukaribisha."

Juni 11

Kiangazi kimeingia. Vumbi la kwanza barabarani. Sasa kila kitu kinategemea maji asubuhi na jioni mpaka Septemba. Nilikuwa nawaza namna ya kumwagilia majani membamba vile bila kuyavunja, maana ndoo ni nzito na humwaga maji yote kwa mkupuo.

Asubuhi hii Kadidja amepita kwenye mlango wa minyaa akiwa na bidoni mbili za njano, zile zile. Moja ina kamba nyekundu shingoni, nyingine ya kijani. Amezijaza maji ya kisima na kufunga vifuniko kwa nguvu, kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha akainamisha ile nyekundu juu ya mche wa kwanza, na maji yakashuka kama manyunyu. Alikuwa ametoboa kifuniko kwa msumari wa moto, matundu mengi, karibu karibu.

"Sasa inapumua," akasema, akaniachia ya kijani.